Bosi anataka tagi, Kaka anataka sahihi saba, na mi niko katikati

Shikamoo dada. Naomba usitoe jina langu wala la kampuni maana ofisini kwetu wengi wanasoma safu hii. Najua watu wataona hili ni dogo, mambo ya kazi tu, si ya ndoa wala ya nini, ila linanikaa kooni na sina wa kumuuliza kwa sababu wale ambao ningewauliza ndo hao hao wenye ugomvi.

Mi ni mwandishi wa kiufundi, yaani naandika miongozo, kifaa kinafungwaje, kinawashwaje, kikigoma ufanyeje. Kampuni yetu inatengeneza vifaa vya kuendeshea mota za umeme, vile vinavyopunguza na kuongeza mwendo wa mota kwenye mapampu na mafeni makubwa. Tuko waandishi wachache, kiongozi wa timu kwa sasa ni mimi, lakini aliyenifundisha kazi yupo hapo hapo, ni mtu mzima, naomba nimwite Kaka. Karibu kila ninachokijua kwenye hii kazi nimekitoa kwake, ndo alinifundisha kutembea na karatasi mpaka kwa fundi nikae nimwangalie anavyofuata hatua zangu nikiwa nimefunga mdomo.

Miaka yote tumekuwa tukiandika kwenye Word, kila kifaa na faili lake, kikija kipya unachukua faili la zamani unakopi unapesti unabadilisha majina na namba. Mwaka huu kaja bosi mpya kasema hapana, tunahamia kwenye kuandika kwa muundo. Programu kashanunua, inatumia DITA. Kwa asiyejua, hapo huandiki tena kitabu kizima, unaandika vipande, kila kipande kina aina yake na tagi zake, yaani alama zinazoiambia programu kila sehemu ni nini, hiki kinaeleza kitu ni nini, hiki ni hatua za kufuata, hiki ni majedwali na vipimo, alafu kipande kimoja unaweza kukiita kwenye miongozo hata ishirini bila kukiandika upya, ukikirekebisha pale kilipo basi kimerekebishika kote. Mi nimeipenda, sitaki kusema uongo.

Ugomvi ukaanzia hapo. Kaka kasema sawa tuhame, lakini kuandika kwa muundo bila mchakato mkali ni kujidanganya. Akaandika mchakato wake: kila kipande kiwe na mpango uliosainiwa kabla hakijaandikwa, kikishaandikwa mwandishi mwenzako akipitie, aje injinia, mtu wa usalama, mtu wa huduma kwa wateja, mhariri, mwisho mkuu wa idara, na kikibadilishwa hata neno moja kinaanza mwanzo. Sahihi saba. Bosi kasoma akasema huu ni urasimu, programu yenyewe ndo mchakato, ukikosea muundo inakukatalia, kwahiyo mwandishi aandike achapishe. Akataja na ilani ya Agile, ile ya watu wa softiwea, kwamba programu inayofanya kazi ina thamani kuliko nyaraka nyingi. Kaka akanyanyuka akatoka kwenye kikao.

Alafu ndo likatokea hili. Tulianza kuhamisha vipande vya tahadhari kwa sababu vinajirudia kila mahali. Kimoja kinasema: "Zima umeme. Subiri dakika 5 kabla ya kufungua kifuniko." Ndani ya hivi vifaa kuna kapasita, zinabaki na chaji hata umeme ukishazimwa, ndo maana unasubiri. Kipande kilikuwa sahihi, injinia alikisaini, programu ikakikubali, tukakiunganisha kwenye miongozo yote. Sasa kuna kifaa kipya kikubwa zaidi, kapasita zake ni kubwa, stika ya mlangoni imeandikwa dakika 15, na rasimu ya mwongozo wake ikatoka na dakika 5 maana inaita kipande kile kile. Fundi wa majaribio ndo aliona, alikuwa na karatasi mkononi akainua macho akaona stika, akatupigia simu. Rasimu ilikuwa haijatoka nje ya jengo, hakuna aliyeumia.

Kaka akasema mmeona. Bosi naye akasema mmeona, sahihi ya injinia ilikuwepo na haikusaidia kitu. Wote wawili wanalitumia tukio lile lile, na mi nikimsikiliza kila mmoja namwona ana haki.

Mwisho wa mwezi natakiwa nilete pendekezo. Nikipeleka mchakato wa Kaka mainjinia hawatasoma, hata sasa hawasomi, unamtumia mtu mwongozo unarudi umesainiwa hata chai yako haijapoa. Nikipeleka anachotaka bosi Kaka ataona nimemgeuka, na mwenyewe sitakuwa na amani. Wenzangu vijana wanasema tuachane na yote, tufanye kama watu wa softiwea, Git ya kutunza kila badiliko na Markdown ya kuandika kwa maandishi ya kawaida, basi. Dada niambie, ni kweli kuandika kwa muundo lazima kuwe na mchakato mkali? Na kama ni lazima, ukali wenyewe uishie wapi? Na huyu mzee wangu nimfanyeje?

Niko katikati

*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usijishushe kwa kuniambia ni mambo ya kazi tu. Mtu atasimama mbele ya kabati la umeme na karatasi uliyoiandika wewe, hilo si dogo, na unavyoliwaza hivyo mpaka unakosa amani ndo kunanionyesha kazi iko mikononi salama.

Nikikuelewa vizuri umeniletea mambo mawili uliyoyafunga kwenye furushi moja. La kwanza ni la kazi yenyewe, kwamba muundo unadai mchakato au haudai, na kama unadai basi kiasi gani. La pili ni la watu, kuna mzee aliyekulea kikazi na bosi anayekutazama, na pendekezo lako limeanza kuonekana kama kura ya kuchagua kati yao. Ningependa tuyafungue kimoja kimoja, maana nadhani ukilikamata la kwanza sawasawa la pili litapungua uzito, ingawa halitaisha.

Tuanze na zile dakika 5. Umesema Kaka kasema mmeona na bosi kasema mmeona. Sasa rudi kwenye mchakato wa Kaka ulivyoniandikia mwenyewe: kipande kikibadilishwa hata neno moja kinaanza mwanzo. Kile kipande kilibadilishwa neno gani? Hakuna. Kilikuwa sahihi siku ya kusainiwa na kimebaki vile vile herufi kwa herufi. Kilichobadilika ni idadi ya vifaa ambavyo kinavisemea. Kwahiyo hata ungekuwa na sahihi zote saba, kwa jinsi ulivyoandikwa huo mchakato, zisingeguswa, kipande kingepita kimya kimya kikaingia kwenye mwongozo wa kifaa ambacho injinia wake hakuwahi kukiona hicho kipande. Na ile programu ya bosi nayo ilifanya kazi yake yote, ikakagua tagi ikakuta ziko mahali pake. Kwenye DITA kipande cha hatua kina masharti yake, kwa mfano kila hatua lazima iwe na amri ndani yake, ukiiacha programu inakupigia kelele, lakini uandike dakika 5 au dakika 500 kwake yote ni maandishi. Inajua umbo tu.

Naomba ukae hapo kidogo kabla hujaandika pendekezo lolote, maana nakuona unapima hoja mbili na tukio lenyewe halimuungi mkono hata mmoja wao. Ukiliweka hivyo mbele yao wote wawili, kwa upole, pengine utabadilisha mazungumzo.

Kuna kitu kingine hapo ambacho naona kimepita bila kusemwa. Ule mtindo wenu wa zamani wa kukopi na kupesti, ambao kila mtu sasa anausema vibaya, ulikuwa na ukaguzi ndani yake. Ulipokuwa unachukua faili la kifaa cha zamani unabadilisha majina na namba, macho yako yalikuwa yanapita juu ya kila ukurasa. Ulikuwa unafika kwenye "subiri dakika 5" unajiuliza hii bado ni kweli kwa hiki kipya? Si kila mara, na si kila mtu, najua kuna makosa mengi sana yamezaliwa kwa kukopi, ila yale macho yalikuwepo. Kipande cha kuita kutoka sehemu moja kimeyaondoa, na kimeyaondoa makusudi maana ndo faida yake, usipitie tena kitu kile kile. Kwahiyo unaponiuliza muundo unadai mchakato, mi ningekurudishia hivi: kutumia tena ndo kunadai. Unaweza ukaandika kwa muundo safi kabisa, vipande, aina, tagi, na kila kipande kikabaki kwenye mwongozo mmoja tu, hapo mchakato wako unaweza ukawa ule ule wa zamani. Siku kipande kimoja kinaanza kusemea vifaa ishirini, kosa moja linakuwa la vifaa ishirini, na ukweli unaweza ukageuka uongo bila mtu yeyote kugusa kibodi.

Sasa wengine wamelifanyaje hili, maana hamko wa kwanza. DITA yenyewe ilitoka IBM, ikakabidhiwa OASIS, shirika la kutunga viwango, ikawa kiwango rasmi 2005. Zile aina tatu unazozitaja, dhana, kazi na marejeo, ndo zilikuwa moyo wake tangu mwanzo. Inakwambia kipande kiwe na umbo gani na kinaunganishwaje na kingine. Nani asaini na lini, hilo imewaachia nyie. Hapo bosi wako ana hoja, hakuna mahali kwenye kiwango palipoandikwa sahihi saba. Lakini angalia wenzetu wa ndege, wao wana S1000D, kiwango chao cha kuandikia miongozo, nayo ni vipande na tagi vile vile, ila kwenye kichwa cha kila kipande kuna sehemu inayosema kimehakikiwa au hakijahakikiwa, kama kimehakikiwa ni mara ya kwanza au ya pili, na kwa njia gani, watu walikaa mezani wakasoma au walikwenda kwenye kifaa chenyewe wakafanya. Yaani mchakato wameuingiza ndani ya muundo, huwezi kukifungua kile kipande usijue kimepitia wapi. Na lugha nayo wameibana, Kiingereza chao rahisishi cha ASD-STE100 hakiruhusu sentensi ya maelekezo kuzidi maneno 20, ya maelezo mwisho 25. Hiyo tofauti kati ya mezani na kwenye kifaa naipenda sana, na ukiitazama vizuri ndo kile Kaka alichokufundisha cha kwenda kukaa na fundi ukiwa umefunga mdomo.

Upande wa pili ni hao watu wa softiwea ambao vijana wako wanawatamani. Wanaandika kwa Markdown, ipo tangu 2004, wanaweka kwenye Git, kosa likionekana asubuhi mchana limeshasahihishwa kwa kila msomaji. Kwao mchakato mwepesi unaingia akilini. Lakini waulize vijana wako swali moja, hao wanaowaiga wanachapisha bila mtu kusoma? Wengi hawafanyi hivyo. Badiliko linawekwa wazi, mwenzako analipitia mstari kwa mstari, kuna na programu ndogo zinazokagua linki zilizokufa na maneno yaliyokatazwa, ndo linaingia. Mchakato upo, umejificha ndani ya vifaa vyao vya kila siku mpaka hauonekani kama mchakato. Nyie kosa lenu linatoka kiwandani likiwa ndani ya boksi limechapishwa, linakaa miaka ndani ya chumba cha mota ambacho hamtakijua, hamwezi kulifuata huko.

Hiyo ilani ya Agile ya 2001 nayo, kwa kuwa bosi kaitaja, ina sentensi ya mwisho ambayo watu huiruka. Ilani imepanga vitu viwili viwili, cha kushoto na cha kulia, na sentensi hiyo inasema vile vya upande wa kulia navyo vina thamani, ila vya kushoto wanavithamini zaidi. Nyaraka ziko kulia, hazijatupwa. Na ilikuwa inaongelea kutengeneza softiwea. Kwa vifaa kama vyenu kuna kiwango cha IEC/IEEE 82079-1, toleo lake la 2019, kinachohusu maelezo ya matumizi ya bidhaa, chenyewe kinayahesabu yale maelezo kuwa sehemu ya bidhaa, na kinagusa mpaka jinsi yanavyoandaliwa na ujuzi wa wanaoyaandaa. Sikuambii umpige nacho bosi kichwani, lakini kama unahitaji kitu cha kuweka mezani ambacho hakijatoka mdomoni kwa Kaka, hicho kipo.

Njoo kwenye hili la mainjinia kutosoma. Umeliandika kama tabia yao, hawasomi basi. Inawezekana. Ila jiulize mnawatumia nini. Kama ni mwongozo mzima na maneno "tafadhali pitia", mtu ana kazi zake, anafungua anaona kurasa na kurasa za mambo aliyoyaona mwaka jana, hajui mnataka ajibu nini, anasaini. Mi ningefanya hivyo hivyo. Na hapa ndo muundo ungekusaidia kwa namna ambayo sijaona mtu yeyote kwenye barua yako anaitaja. Ukishakuwa na vipande, huna sababu ya kumtumia mtu kitabu. Unamtumia kipande kimoja na swali lenye jibu: kwa kifaa hiki muda wa kusubiri ni dakika ngapi, na umeutoa wapi? Hapo mtu hawezi kusaini bila kusoma maana ulichoomba ni namba.

Tena kwa kile kipande chenu kuna njia. Tangu toleo la 1.2 la 2010 DITA ina funguo, sentensi inabaki moja ila ile namba inaachwa kama nafasi, kila mwongozo unaijaza kwa kifaa chake. Kwahiyo "subiri dakika" inakuwa ya wote na 5 au 15 inakuwa ya kifaa. Hapo swali la mchakato linasinyaa, halipo tena kwenye tahadhari nzima kupita kwa watu saba, lipo kwenye nani anamiliki ile namba kwa kila kifaa kipya, na anaijaza kabla ya nini. Hilo la kile kipande nadhani halihitaji kusubiri kikao cha mwisho wa mwezi, na pitia na vipande vingine vya tahadhari ambavyo vina namba ndani, nguvu ya kukazia skrubu, umbali wa kuacha hewa ipite, unene wa waya, maana vyote vina ugonjwa ule ule.

Sasa njia zilizo mbele yako. Unaweza kuchukua mchakato wa Kaka kama ulivyo. Faida yake ni kwamba hutalala ukiwaza kuna kitu kimepita bila mtu kukiona, na ukija ukaguzi una karatasi. Hatari yake kubwa kwa maoni yangu si kuchelewa, ingawa mtachelewa. Hatari ni kwamba waandishi watajifunza kuukwepa. Mtu ana dedilaini kesho, anataka kubadilisha neno kwenye kipande cha pamoja, anajua kikiguswa kinaanza mwanzo kwa watu saba, atafanya nini? Atakikopi pembeni, atakibadilisha kwenye mwongozo wake peke yake, amemaliza. Baada ya muda una matoleo manne ya tahadhari moja na hakuna anayejua lipi ni la kweli, muundo wote mliouhangaikia umekufa na aliyeuua ni ule mchakato uliokuja kuulinda. Hili ningemuuliza na Kaka mwenyewe, kwa heshima, naye atakuwa anajua maana amekaa kwenye hii kazi.

Unaweza kuchukua ya bosi, aandike achapishe. Mtaenda kasi na kwa vipande vingi hakuna kitakachoharibika, kwa mfano kile kinachoeleza taa ya kijani maana yake nini. Lakini ile alama kwamba kipande kimekubaliwa na programu, watu wataanza kuisoma kama alama kwamba kipande ni kweli. Sio kwamba ni wajinga, ndo jinsi macho ya mtu yalivyo akiona alama ya tiki. Na vipande vya pamoja vitakosa mwenyewe, kila mtu anavitumia hakuna anayevichunga.

Wengi wangekuambia ugawe, vipande vya usalama na vile vinavyotumika sehemu nyingi vipitie njia ndefu, vilivyobaki mwenzako akisoma mara moja inatosha. Nami naiona njia hiyo na inanivutia, ila usidhani haina mitego. Mpaka wenyewe nani anauchora? Kipande kinazaliwa chepesi, kiko kwenye mwongozo mmoja, mtu wa pili anakiona kizuri anakiita, wa tatu naye, siku moja ni kipande kizito na hakijawahi kupitia ile njia ndefu hata mara moja. Ukigawa itabidi uwe na kitu kinachokushtua kipande kinapoitwa na mwongozo mpya, yaani kile kile kilichokosekana kwenye dakika 5. Programu nyingi za hivi zinaweza kukuonyesha kipande kinaitwa wapi na wapi, ulizia yenu. Na uamue ukishashtuliwa nani anainuka kwenye kiti.

Au uanze na kifaa kimoja muone, kile kipya kikubwa kwa mfano. Ni busara, ila chagua kwa uangalifu. Ukichukua kifaa chenye injinia mwema anayejibu meseji zako na mwandishi wako hodari, kitaenda vizuri kwa mchakato wowote ule na hutakuwa umejifunza kitu, bosi atasema mbona imewezekana. Na kifaa kimoja hakiwezi kukuonyesha shida ya kipande cha pamoja, angalau viwili vinavyogawana vipande.

Kuna jambo dogo nataka kuliongeza kabla sijafika kwa mzee. Miaka ya 80 hapo hapo IBM kuna mtafiti anaitwa John Carroll alikuwa anaangalia watu wanavyojifunza programu za kompyuta kwa kutumia miongozo. Aliona watu hawasomi kwa mpangilio, wanaruka, wanajaribu, wanakosea, wanataka kutenda kabla ya kuelezwa. Kutokana na hapo akaja na miongozo mifupi inayomwacha mtu afanye kazi halisi mapema na kumsaidia kujinasua akikosea. Nakutajia hilo kwa sababu kwenye ule mlolongo wa Kaka, kati ya wote saba, sijamwona mtu anayefanya. Wote wanasoma. Aliyeliona kosa lenu alikuwa ana karatasi mkononi na kifaa mbele yake. Sijui kama umeshaliwaza hilo.

Haya, Kaka. Unaogopa ataona umemgeuka. Lakini mdogo wangu, umeshamuuliza kwa nini saba? Simaanishi kwa kumpinga, namaanisha kweli kumuuliza. Mtu aliyekaa kwenye hii kazi muda mrefu haandiki orodha kama ile kutoka hewani, kila sahihi pale nahisi ina kisa nyuma yake, kuna siku mtu wa huduma kwa wateja aliona kitu ambacho hakuna mwingine angekiona, kuna siku mpango haukuwepo na watu wawili wakaandika kitu kimoja mara mbili. Kaa naye, na kalamu, pitieni moja baada ya nyingine, hii ilikuja kwa sababu gani. Pengine mtakuta sahihi mbili zinalinda jambo moja. Pengine mtakuta nyingine ilikuwa inalinda jambo ambalo muundo mpya umeshalimaliza. Na pengine utakuta ile unayotaka sana kuifuta ndo yenye kisa kibaya kuliko zote, na utaibakiza kwa moyo wako wote.

Na fikiria kama anachokitetea ni zile sahihi saba peke yake. Miaka yote mchakato wa hiyo ofisi ulikuwa kichwani mwake, yeye ndo alijua kipi kimuulizwe nani. Inakuja programu, anaambiwa programu ndo mchakato. Mi ningekuwa yeye na mi ningetoka kwenye kikao. Simtetei kwa kila kitu, kutoka kikaoni kulikuacha wewe umesimama peke yako mbele ya bosi na hilo nalo una haki ya kumwambia. Ila pendekezo lako linaweza kuwa na mahali pake yeye ambapo si pa kusaini sahihi ya saba. Nani ataamua kipande kimekuwa kizito? Nani atakwenda na vijana wako kwa fundi kuwafundisha kufunga mdomo? Hayo wewe unajua kama yanamfaa au ni kumpoza tu, na akihisi unampoza itakuwa mbaya zaidi, kwahiyo usimpe kitu ambacho hukimaanishi.

Kwa bosi, nadhani kinachomuumiza ni muda. Kalipia programu, anataka kuona miongozo inatoka haraka. Ukienda kwake na neno mchakato atasikia kuchelewa. Ukienda na kile kipande kimoja ukamwonyesha kiliitwa wapi, kilisainiwa na nani, programu ilisema nini, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa swali la kifaa kipya, anaweza kusikia kitu kingine. Anaweza pia asisikie, mabosi ni watu. Ikifika hapo, na vipande vya tahadhari bado havina mwenyewe, andika kwenye pendekezo kwa majina ni vipande gani, vinaitwa na miongozo ipi, na mwambie aandike yeye nani anavimiliki mpaka mtakapokubaliana. Mpe Kaka nakala usiku wa kabla ya kikao, asiisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu.